Kupiga Deki Bila Kuchukia: Maswali na Majibu

Mbona nachoka kabla hata sijashika ndoo?

Kwa sababu kichwani umeshaipiga deki nyumba nzima. Chagua chumba kimoja, weka kengele ya simu dakika 15, ikilia acha. Kazi inayoonekana mwisho wake ndiyo yenye raha. Wenye sonona nao hutibiwa hivyo kwa sehemu: kazi ndogo inayokamilika, kila siku, bila kusubiri hamu irudi. Lakini ukikosa hamu ya mambo yote, siyo deki tu, kwa wiki 2 au zaidi, nenda kituo cha afya.

Nikimaliza, sakafu inanata na ina michirizi. Kwa nini?

Sabuni imezidi. Povu jingi halisafishi zaidi. Sabuni isiyosuuzwa hukauka ikawa utando, na utando hudaka vumbi. Ndiyo maana jioni sakafu inaonekana haikuguswa, na hapo ndipo wengi hukata tamaa. Kijiko kimoja cha chakula cha sabuni ya unga kwa lita 10 za maji kinatosha.

Fagia kwanza. Uwe na ndoo mbili, moja ya maji ya sabuni, nyingine ya kusuuzia tambara. Kamua mpaka lisidondoshe hata tone. Anza kona ya mbali, rudi kinyumenyume hadi mlangoni. Maji ya kusuuzia yakifanana na chai ya rangi, mwaga, weka mengine. Pakishakauka pita pekupeku: kigae cha baridi, kikavu, kinachoachia unyayo bila kunata. Raha yenyewe iko hapo, usiikose kwa kukimbilia kazi nyingine.

Na mgongo?

Unauma kwa sababu unapinda kiuno huku magoti yamenyooka. Tumia dekio lenye mpini unaofika kifuani, na usogeze miguu badala ya kunyoosha mikono. Kwa fagio fupi la chelewa, kunja magoti na ubadilishe mkono mara kwa mara.

Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wapate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Deki ya nguvu inahesabika. Weka taarabu uipendayo: ukiweza kuongea lakini ukijaribu kuimba pumzi inakatika, kiwango ni hicho.

Harufu kali ya jiki ndiyo usafi?

Hapana. Jiki ya asilimia 3.5 (soma lebo) inahitaji vijiko 2 vya chakula kwa lita 1 ya maji baridi, juu ya sehemu iliyokwisha kuoshwa, iachwe dakika 10. Maji ya moto huipunguza nguvu, uchafu pia. Usiichanganye kamwe na siki, dawa ya choo yenye asidi wala yenye amonia, maana hutoa gesi inayounguza mapafu. Ikitokea, toka nje mara moja. Kikohozi au kubanwa kifua kukiendelea, wahi hospitali.

Nina pumu, nifagie?

Nyunyiza maji kidogo kabla ya kufagia, au pitisha tambara bichi moja kwa moja. Jiki mwachie mwingine, madirisha yakiwa wazi.