Thamani ya ndege iliyotumika: mthamini huangalia nini

Mnunuzi wa ndege ndogo iliyotumika, iwe ya kupeleka watalii mbuga ya Kidepo nchini Uganda au ya kufundishia marubani, mara nyingi huanza kutazama rangi na viti. Mthamini huanza na madaftari ya matengenezo. Kuna la bodi, la injini na la propela, na yote yanatakiwa yafuatane bila pengo tangu ndege ilipotoka kiwandani. Likikosekana moja, hakuna awezaye kuthibitisha saa ilizoruka, ajali ilizopata, au kama maagizo ya lazima ya usalama yalitekelezwa. Kipuri kisicho na cheti tunakihesabu kuwa hakipo, hata kiwe kinang'aa.

Baada ya hapo ni injini. Injini nyingi za Lycoming zinazofungwa kwenye Cessna 172 zimewekewa kikomo cha saa 2,000 au miaka 12, kitakachotangulia, kabla ya kufumuliwa na kukarabatiwa upya. Kwa kawaida bei ya msingi huchukulia kuwa injini imetumia nusu ya saa zake. Tuseme ukarabati huo unagharimu dola 40,000: kila saa ya kuruka inakula dola 20. Injini yenye saa 1,600 imeipita nusu kwa saa 600, basi tunapunguza dola 12,000.

Hapa ndipo wengi hunaswa. Wanaona tangazo la injini yenye saa 300 tu na kudhani wamepata bahati, kumbe ndege imeegeshwa miaka minane kwenye unyevu wa Ziwa Victoria. Kwenye Lycoming nyingi kemshafti, yaani mhimili unaofungua valvu, iko juu ya krenki, mhimili unaozungushwa na pistoni; injini ikikaa bila kuwashwa, oili huchuruzika chini na chuma hubaki kitupu, kikashika kutu. Siku ikianza kuruka tena, kemshafti inasagika na vipande vyake hunaswa kwenye filta ya oili. Kwa hiyo filta hukatwa ikakaguliwa. Mimi ningechagua injini ya saa 1,200 inayoruka kila wiki.

Silinda hupimwa injini ikiwa bado ina joto, kwa kuingiza hewa ya psi 80 (psi ni kipimo cha shinikizo). Usomaji ukishuka chini ya 60, silinda huenda ikabidi ing'olewe. Sikiliza hewa inatokea wapi: ikivuma kwenye ekzosi, valvu ya kutolea moshi haifungi, ikitokea kwenye mdomo wa kujazia oili, ringi za pistoni zimechoka.

Viwanja vya murram navyo huacha alama. Changarawe hutoboa kingo za propela na kubonyeza mbele ya mkia. Kwenye Cessna 206, kagua ukuta wa kuzuia moto nyuma ya injini: mikunjo au ribiti zilizolegea huashiria gurudumu la mbele lilipigwa kwa nguvu wakati wa kutua. Propela ikiwahi kugonga ardhi, dai ushahidi kwamba injini ilifumuliwa na kukaguliwa.

Ndege ya kutoka nje haiwezi kupewa usajili wa 5X, alama ya ndege za Uganda, na Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Uganda kabla haijafutwa kwenye rejista ya nchi ilikotoka. Pia hakikisha haishikiliwi na benki kwa deni.

Ripoti ya thamani iandikwe tarehe na saa za injini siku ya ukaguzi. Ndege ikiendelea kuruka baada ya hapo, hesabu ya injini inarudiwa kabla ya kulipana.