Chura aliyekauka chupani si takataka: dhana potofu kuhusu vielelezo vya zamani

Mkusanyo uliotelekezwa wa vielelezo vya reptilia na amfibia, yaani miili ya mijusi, vyura na wenzao iliyohifadhiwa chupani kwa utafiti, huharibiwa mara mbili: kwanza na miaka ya kusahauliwa, kisha na mtu mwenye nia njema anayeanza kuusafisha kwa pupa. Hizi ndizo dhana zinazoleta hasara hiyo ya pili.

"Tusafishe kwanza, lebo tutaandika upya."
Hii ndiyo mbaya kuliko zote. Mjusi asiyejulikana alikamatwa wapi na lini humsaidia mtafiti kidogo sana, hata akiwa mzima kabisa. Kabla ya kugusa chochote, piga picha chupa, kifuniko na lebo zote, kisha linganisha namba iliyofungwa mguuni na ile ya kwenye daftari. Fungua chupa moja tu kwa wakati, maana lebo iliyokatika uzi ikiangukia chupa jirani ni vigumu kujua ilikotoka. Lebo ya zamani haitupwi hata ikiwa na jina lililokosewa. Jina sahihi huandikwa kwenye lebo ya pili, kwa penseli au wino wa kaboni. Wino wa kalamu ya kawaida huyeyuka kwenye alkoholi.

"Umajimaji ukipungua, ongeza ethanoli ya asilimia 70."
Ethanoli huvukiza haraka kuliko maji, hivyo kinachobaki ni hafifu. Chupa iliyobaki nusu ikiwa na asilimia 50, ukiijaza kwa asilimia 70 utapata takriban 60, si 70 inayotakiwa. Pima kwa haidromita ya alkoholi (kipimo kinachoelea ndani ya umajimaji), lakini kumbuka kwamba mabaki ya formalini, kemikali ya kukaza tishu, hupotosha kipimo. Badilisha pia kifuniko kilichoshika kutu, la sivyo uvukizaji utaendelea.

"Kilichokauka kitumbukizwe kwenye alkoholi."
Alkoholi hunyonya maji, kwa hiyo kielelezo kitabaki kigumu vilevile, na ukilazimisha kukunjua mguu utavunjika. Kiweke kwanza kwenye chombo kilichofungwa chenye unyevu, kisiguse maji. Kikianza kulegea, kilaze kwenye mmumunyo wa trisodiamu fosfati, gramu 5 kwa lita 1 ya maji, na ukikague kila baada ya saa chache. Mmumunyo huu ni wa alkali: ukizidisha muda, ngozi ya chura huchubuka. Vidole vikikunjika bila kulazimishwa, suuza kwa maji, kisha pandisha ethanoli kwa hatua: asilimia 15, 30, 50 na 70, siku nzima kila hatua.

"Formalini ni salama, kiache humo."
Formalini (sehemu 1 ya formalini nzito kwa 9 za maji) ni ya kukaza tishu tu. Ikikaa muda mrefu bila bafa (kemikali inayozuia asidi kuongezeka) huzalisha asidi ya fomiki, ambayo hula kalsiamu ya mifupa. Viluwiluwi ndio tofauti: hubaki kwenye formalini yenye bafa, kwani ethanoli huwanyausha.

"Vilivyopitia formalini havina kitu cha kupima."
DNA ya vielelezo hivyo hukatikakatika, lakini mbinu za DNA ya kale huweza kuisoma. Ngozi nayo ina habari. Mwaka 2011 watafiti waliopangusa vyura wa makumbusho kwa vijiti vya pamba walionyesha kwamba kuvu Batrachochytrium dendrobatidis, anayeshambulia ngozi ya vyura na kuwaua, alifika kusini mwa Mexico mwanzoni mwa miaka ya 1970, na Kosta Rika kufikia 1987. Kwa hiyo chukua sampuli ya ngozi kabla ya kulainisha, badilisha glavu kwa kila kielelezo, na usisuuze vyura wa chupa mbili kwenye beseni moja.