"Very" si "too", ingawa zote tunaziita "sana"

Juzi Mtaa wa Kongo, Kariakoo, kijana muuza mabegi ya safari alikuwa anamwambia mama mmoja wa Kizungu: "This one is too big, too strong." Analisifia. Mama akalirudisha, akauliza kama kuna dogo. Kijana akashusha jingine, akafungua zipu mpaka mwisho aone nafasi ilivyo ndani, akasema maneno yale yale. Mama akashukuru akaenda zake, kijana akabaki kashika begi, hajui kilichoharibika.

"Very" inakoleza sifa, basi. "Too" inasema sifa imepita kiasi na imekwamisha jambo. Chai ikiwa "very hot" unapuliza, unakunywa. Ikiwa "too hot" hainyweki.

Tunakosea kwa sababu darasani tuliambiwa "too" ni "mno", na mno yetu inabeba yote mawili. Mtu akisema "nakupenda mno", hakuna kilichozidi hapo, ni penzi tu. Akisema "bei kubwa mno", ujue keshaanza kuondoka dukani. Hata sana ni vivyo hivyo: kiatu kikubwa sana huenda kinasifiwa, huenda kinampwaya mvaaji. Sisi tunaelewana kwa sauti na kwa mahali neno lilipotoka. Kiingereza kazi hiyo kimeigawa kwa maneno mawili, na ukiyachanganya mteja hana namna ya kukisia.

Linalonifurahisha zaidi ni asili ya "very". Limetoka Kifaransa cha kale, verai, na mzizi wake ni verus ya Kilatini, yaani kweli. Lilipoingia Kiingereza katika zama za kati lilimaanisha "wa kweli", "halisi". Kukoleza kukaja baadaye. Sasa sikiliza watu wa Dar wanavyosifia: "pilau tamu kweli", "gauni zuri kweli kweli". Ni njia ile ile, na hakuna aliyemwiga mwenzake. "Too" haina ukoo huo. Hiyo ni "to" iliyokuja kuandikwa kwa o mbili.

Nilimsogelea yule kijana. "Mdogo wangu, ukitaka kusifia, weka 'kweli kweli' kichwani, halafu sema 'very'. 'Too' mwachie mteja, ndiyo atakayokataa nayo."

"Very big," akajaribu, huku anafunga zipu.

Hivyo hivyo.