Miaka sita ya boda si leseni ya pikipiki ya mbio

"Mimi nina miaka sita barabarani, mwalimu." Tunalisikia sana hilo hapa kwenye chuo chetu cha kufundisha pikipiki Nakuru, hasa kwa kijana aliyejinunulia majuzi pikipiki ya mbio ya mtumba, injini ya cc 600. Hiyo miaka sita hatubishi. Shida ni kwamba yote ni ya Boxer, ile pikipiki ndogo ya boda.

Boxer ya cc 150 ina nguvu farasi kama 12. Hiyo ya mbio ina zaidi ya 100, na kwa gia ya kwanza tu inapita kilomita 100 kwa saa. Mbio hizo kila mtu anazijua, ndizo zilizomtoa pesa mfukoni. Kinachomwangusha ni mkono wake wa kulia.

Chukua tuta. Kwenye boda, ukirushwa na tuta mkono ukavuta eksileta, injini inanguruma tu, unaendelea na safari. Kwenye ya mbio, mvuto ule ule unairusha mbele. Mwili unabaki nyuma, unang'ang'ania mpini usianguke, na kule kung'ang'ania kunazidi kuvuta eksileta. Nimeliona uwanjani petu: tuta dogo, gurudumu la mbele likapaa, kijana akaishia kwenye ua wa michongoma. Tulipomchomoa alisema, "Sikugusa kitu." Na hakuwa anadanganya, mkono ulivuta bila yeye kujua.

Breki nayo ina mambo yake. Wanaboda wengi huishi kwa breki ya mguu, ile ya mbele wakiiogopa kwa sababu ya matope na changarawe. Pikipiki ya mbio husimamishwa hasa na breki ya mbele, na ni kali. Asiyeizoea huiacha kabisa, au siku ya hofu huibana yote kwa mpigo, tairi likateleza. Inabanwa polepole kwanza, uzito uhamie mbele, ndipo unakaza.

Tena kasi ikiongezeka maradufu, umbali wa kusimama kwa breki unakuwa mara nne. Kwa kilomita 60 kwa saa, kwenye lami kavu, unahitaji kama mita 20. Kwa 120, kama 80, kabla hujahesabu ile sekunde ya kushtuka. Sasa jifikirie unateremka mteremko mrefu, lori linajitokeza upande wako likipita lingine.

Ulaya, tangu 2013, asiyefika miaka 24 huanzia pikipiki isiyozidi nguvu farasi 47 na kukaa nayo miaka miwili kabla ya kuruhusiwa kubwa. Mimi naona wana akili. Kwa anayetusikiliza, tunasema aanze na cc 250 au 300.

Na kama ya 600 umeshainunua, ilete uwanjani asubuhi kabla wengine hawajafika. Siku ya kwanza hatutoki gia ya kwanza. Utafundishwa kushika eksileta kifundo cha mkono kikiwa chini kidogo ya vidole, mpaka ulivuke lile tuta mara ishirini na injini isibadilishe sauti.