“Hana Kichwa cha Kemia”

Kauli hiyo nimeisikia mara nyingi wakati wa kusahihisha mitihani, na karibu kila mara aliyeitoa ni mwalimu mwema, mchapakazi, anayewatakia heri wanafunzi wake. Ndiyo maana inanisumbua.

Mimi ni mtu wa saikolojia ya elimu. Kazi yangu ni kuwafundisha wahadhiri kufundisha. Siku moja mwenzangu wa kemia alinionyesha karatasi ya mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliyepata 6 kati ya 30. Tukaipitia swali kwa swali. Ukitaka ukolezi wa mmumunyo, unagawa idadi ya moli (kipimo cha kiasi cha kemikali) kwa ujazo uliopimwa kwa lita. Swali la kwanza lilikuwa na moli 0.0025 ndani ya mililita 25, jibu lake 0.1. Yeye kaandika 0.0001. Hakugeuza mililita kuwa lita. La pili vilevile, la tatu vilevile, mpaka la saba: kila jibu limepungua mara 1,000 kamili. Milinganyo yote kaisawazisha bila kukosea. Kosa lilikuwa moja tu, limejirudia mara saba, na mbele yake palikuwa na eksi saba nyekundu bila neno hata moja.

Kiswahili chetu kinajua kwamba akili huja. Mtoto tunamwambia atapata akili akikua; mtu mzima aliyebadilika tunasema ametia akili. Lakini tukishaingia ukumbi wa mihadhara, akili inageuka kuwa kichwa: huyu kipanga, yule kilaza, yule kichwa kizito. Na kichwa ndicho hicho ulichozaliwa nacho.

Je, anachoamini mhadhiri moyoni kina uzito gani? Mwaka 2019 Elizabeth Canning, Mary Murphy na wenzao walichapisha utafiti wa chuo kikuu kimoja cha Marekani, wenye wahadhiri 150 wa sayansi na hisabati na wanafunzi zaidi ya 15,000. Kwa wahadhiri walioamini akili haibadiliki, pengo la alama kati ya wanafunzi weupe na wenzao wa makabila yaliyobaguliwa kihistoria, wakiwemo Wamarekani weusi, lilikuwa karibu maradufu ya pengo la madarasa mengine. Umri wa mhadhiri, jinsia yake wala miaka yake kazini havikulitabiri pengo hilo kama imani hiyo ilivyolitabiri. Utafiti wa namna hii unaonyesha mambo yanayoandamana, hauthibitishi kwamba hili ndilo lililozaa lile. Hata hivyo mimi unanitosha kunifanya nijichunguze. Na miaka minne kabla yake, Sarah-Jane Leslie na Andrei Cimpian walikuwa wamelinganisha fani 30: zile ambazo wanazuoni wake wanaamini zinadai kipaji cha kuzaliwa, kama falsafa, hisabati na fizikia, ndizo zilizokuwa na wanawake wachache kwenye shahada ya uzamivu.

Imani hiyo haitangazwi kwa ukali. Mara nyingi inakuja kwa upole. Aneeta Rattan, Catherine Good na Carol Dweck walionyesha mwaka 2012 kwamba walimu wanaoona uwezo wa hisabati haubadiliki ndio wepesi wa kumfariji aliyefeli na kumpunguzia kazi, na kwamba mwanafunzi anayepewa faraja hiyo anashusha matarajio yake mwenyewe. Niliposoma hayo nilimkumbuka kijana aliyekuja ofisini kwangu na jaribio la takwimu. Nilimwambia, “Usijali, si kila mtu ni wa takwimu.” Akajibu, “Asante, mwalimu,” akaikunja ile karatasi mara nne mpaka ikawa ndogo kama kiberiti. Hakurudi tena kuniuliza kitu. Nilidhani nimempa pole, kumbe nimemfungia mlango.

Wapo wanaodhani dawa ni kuwahubiria wanafunzi kwamba akili inakua. Mafunzo hayo yamepimwa sana, na kwa wastani manufaa yake yameonekana kuwa madogo. Mimi naanza na mwalimu, tena kwenye kalamu yake. Toa jaribio la kwanza mapema, wiki ya tatu hivi, kabla sapu, yaani mtihani wa marudio, haijaanza kunukia. Andika ni hatua gani iliyoharibika. Mwache arekebishe na akuletee tena. Wenye darasa la watu 400 hunijibu kwamba hilo haliwezekani, na wana haki ya kulalamika. Hao nawaomba wakusanye makosa matano yaliyojirudia zaidi, wayafanyie kazi ubaoni kwa dakika kumi kipindi kinachofuata. Wengi wanashangaa kuona darasa zima lilikwama pale pale, mahali ambapo wao hawakuwahi kupaeleza.

Mwenzangu wa kemia alibaki ameikodolea macho ile karatasi. Kisha akachukua kalamu, akaandika chini ya swali la kwanza: “Lita moja ina mililita ngapi? Rudia yote saba, niletee Jumatatu.” Ile 6 juu ya ukurasa hakuigusa.