Oili nyuma ya V8 ya Rover: kabla hujashusha giaboksi, tazama manifoldi

Range Rover, Discovery au Land Rover ya V8 ya petroli ikiingia gereji huku inadondosha oili pale injini inapokutana na giaboksi, mafundi wengi wana jibu moja tu: oili sili (mpira wa kuzuia oili) ya nyuma ya krenki, shafti kuu ya injini, imekwisha. Giaboksi inashushwa, sili mpya inawekwa, mwenye gari analipa, na baada ya siku chache doa liko palepale sakafuni. Hili linaniuma sana, kwa sababu mara nyingi oili hiyo inatoka juu kabisa, chini ya manifoldi ya kuingiza hewa, na kuiziba hakuhitaji kugusa giaboksi hata kidogo.

Kwenye injini za silinda zilizopangwa mstari mmoja, kama nyingi za Toyota, manifoldi imefungwa ubavuni mwa hedi (kichwa cha injini) na haizuii oili yoyote. Ukiikuta imelowa, angalia tapeti kava, kifuniko cha vali kilicho juu yake. V8 ya Rover ni habari nyingine. Asili yake ni Buick ya Marekani ya mwaka 1961. Rover ikanunua haki za kuiunda mwaka 1965, na mwaka 1970 ikafungwa kwenye Range Rover ya kwanza. Safu zake mbili za silinda zinaachana kwa nyuzi 90, na katikati yake kuna bonde lenye kemshafti (shafti inayofungua vali) na tapeti zinazosukumwa nayo, ambako oili inaruka muda wote injini ikiwaka. Kifuniko cha bonde hilo ni gasketi moja pana ya bati, na manifoldi ndiyo inayoikandamiza. Mbele na nyuma, bati hilo linakalia sili mbili za mpira.

Ncha za sili hizo zinaingia kwenye vijipengo kati ya hedi na bloku (mwili wa injini). Pembe hizo nne ndizo ugonjwa wenyewe, hasa mbili za nyuma. Mpira ukikauka kwa joto, oili inapenya, inateremka kwa nyuma ya bloku mahali ambapo jicho halifiki, kisha inatokea chini kana kwamba imetoka kwenye krenki.

Kwa hiyo osha injini vizuri, ikauke, paka poda nyeupe nyuma ya bloku na kuzunguka tapeti kava, iwashe ipate moto, halafu fuata alama ya unyevu kutoka juu kwenda chini. Kioo kidogo na tochi vinatosha. Angalia pia njia za kupumulia injini: zikiziba, presha ya ndani itasukuma oili kwenye sili yoyote, hata uliyoifunga jana.

Ukishathibitisha, mwaga maji ya rejeta kwanza, kwa sababu maji yanapita ndani ya manifoldi. Hata hivyo, ukiiinua utakuta maji yametuama juu ya bati. Yafyonze yote kwa sponji kabla hujagusa vibanio vya gasketi, vile vinavyolibana bati mbele na nyuma. Ukilinyanyua bati na maji yake, yanamwagikia tapeti na kuingia kwenye oili.

Usafi ndio nusu ya kazi. Hedi na bloku ni za aluminiamu, basi kwangua kwa kipande cha plastiki au mbao ngumu. Diski ya msasa ya mashine usiilete karibu: chembe zake zikianguka bondeni huishia kwenye beringi. Ziba matundu yote kwa vitambaa, na futa kwa kemikali isiyoacha mafuta.

Silikoni ya kuzibia sasa. Tone moja kwenye kila pembe kati ya zile nne, na utepe mwembamba kuzunguka njia za maji, basi. Kwenye njia za hewa usiipake, maana petroli inailainisha. Ikizidi, inaminyikia ndani, inakatika, na vipande vinaenda kuziba chujio la pampu ya oili. Kwenye V8 za Chevrolet watu wengi hutupa sili za mwisho na kuweka utepe mnene wa silikoni, na inafaa. Kwenye Rover naziacha sili mpya mahali pake, kwa sababu vibanio vinalibana bati juu yake.

Gasketi ina neno FRONT, lielekee mbele. Vibanio vishike tu, usivikaze. Teremsha manifoldi wima bila kuiburuza, maana ukiiburuza inakokota silikoni na pembe inabaki tupu. Zungusha bolti zote kwa mkono kwanza, kisha kaza kwa zamu kuanzia katikati kwenda nje, hadi karibu Nm 38 kwa injini za lita 3.5. Tumia spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza), kwani nyuzi za matundu ya bolti kwenye aluminiamu hazisamehe. Vibanio hukazwa mwisho, baada ya manifoldi.

Iache ilale usiku kucha silikoni ikauke, weka oili mpya na chujio jipya, jaza maji, iwashe. Ikishapata moto na kupoa, chungulia tena nyuma ya bloku kwa kile kioo.