Maana ya kuingiza noti za MIDI hatua kwa hatua

Mpiga fidla au udi akikaa mbele ya kompyuta kwa mara ya kwanza, mara nyingi hukwama pahala pamoja: programu ya muziki inataka kinanda, na vidole vyake havikukulia kwenye kinanda. Wimbo anao kichwani mzima. Lakini akianza kurikodi, metronomu, yaani mlio unaohesabu mapigo, inamkimbiza, mkono unachelewa, na kinachobaki kwenye skrini ni vurugu. Kuingiza noti hatua kwa hatua kunamwondolea shida hiyo. Saa inasimama, na wimbo unasogea pale tu anapobonyeza yeye.

Hilo linawezekana kwa sababu MIDI, lugha ya ala za umeme iliyoanza kutumika mwaka 1983, haibebi sauti. Inabeba maagizo: noti namba 60, yaani do ya kati, imebonyezwa kwa nguvu ya 90, sasa imeachiwa. Namba za noti zinakwenda kutoka 0 hadi 127. Na maagizo si lazima yaandikwe kwa kasi ileile yatakayopigwa.

Basi unachagua kwanza urefu wa hatua, tuseme noti ya moja ya nane. Unabonyeza noti, inaandikwa, na alama ya mahali ulipo inasogea mbele kwa urefu huohuo. Pakiwa na kimya, unairuka hatua hiyo bila ya kuandika kitu. Noti tatu ukizishika pamoja zinahesabiwa hatua moja. Ukiinuka kwenda kuswali alasiri baina ya noti ya tano na ya sita, ukirudi utaikuta alama palepale. Hata kinanda si lazima: kwenye MuseScore, ambayo ni ya bure, unabonyeza N kuanza kuandika, 4 kwa noti ya moja ya nane, kisha herufi ya noti yenyewe, kimya ni 0.

Chukua mapigo ya samai, yenye noti kumi za moja ya nane katika kila kipimo. Mgeni wake akijaribu kuyapiga moja kwa moja hupotea njiani. Kwa hatua ni kuhesabu tu, dum ikiwa pigo zito la ngoma na tak pigo jepesi: dum, ruka, ruka, tak, ruka, dum, dum, tak, ruka, ruka. Hatua kumi, kipimo kimekamilika. Unakinakili mara nane, na dumbak, ngoma ya bashrafu, yaani muziki wa ala tupu wa taarabu, limepata msingi wake. Mimi naona hapa ndipo njia hii inapofundisha, maana mwanafunzi anajua kila pigo linakaa wapi kabla mkono haujaweza kulifikisha.

Sasa tuje kwenye jambo linalotugusa sisi wa taarabu zaidi. Noti za MIDI zinapishana kwa nusu toni, na maqamu zetu, yaani ngazi za sauti tunazopigia, haziishii hapo. Rasti, mojawapo ya maqamu hizo, ikianzia do, daraja yake ya tatu inakaa baina ya mi bemoli, yaani mi iliyoshushwa nusu toni, na mi. Haina namba. Unaandika mi, namba 64, kisha unaishusha kwa agizo la kupinda sauti. Ikiwa ala imepangwa kupinda toni moja juu na moja chini, kama ilivyo kawaida, kushusha robo toni ni -2048 kwa namba za agizo hilo. Agizo hilo linapinda kila noti iliyo kwenye chaneli hiyo, yaani njia ya maagizo, kwa hivyo noti nyengine zinazolia wakati mmoja nazo zipe chaneli yake. Na robo hiyo ni ya hesabu. Mpiga ganuni, ala ya nyuzi, mzuri wa Mji Mkongwe anaweza kukwambia ipandishe kidogo, nawe umsikilize yeye, usiisikilize namba.

Watu huchanganya njia hii na kunyoosha mapigo, ambako unapiga kwanza kwa wakati wake, halafu programu inazisogeza noti kwenye mistari. Kunyoosha kunabakisha nguvu ya vidole vyako, nyengine nzito, nyengine nyepesi. Hatua zikiandikwa kwa vitufe vya kompyuta, noti zote hutoka na nguvu moja, na dumbak hulia kama saa ya ukutani. Usiliache hivyo. Kwenye samai, ipe dum ya kwanza 105, tak ya hatua ya nne 80, halafu usikilize kabla ya kugusa nyengine.

Mapambo ya nai, ile filimbi, siyaandiki kabisa. Naingiza noti tupu za wimbo, nazichapisha, namkabidhi mpigaji, na yanayobaki anayajua yeye.